Fungu la Tano

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, Robanda, mama aliendelea kugawa ulezi kwa debe kama zamani: mbegu kwanza, mchango wa kijiji, kisha fungu la kila mtoto. Mwaka huohuo surua ikamchukua mdogo wangu.

Mavuno yaliyofuata mama aligawa mafungu matano, na watoto tulikuwa tumebaki wanne.

“Hesabu imekushinda?” baba akafoka.

 Fungu la tano mama alilitia kwenye kihenge kidogo, akakiziba kwa samadi.

Msimu uliofuata tembo, hao mnaowapenda kwenye picha, wakamaliza shamba letu lote. Baba mwenyewe alikifungua kile kihenge. Akiba hiyo ilitufikisha kwenye mvua. Mama alitusongea ugali wa fungu la mdogo wangu kila jioni. Yeye hakugusa hata tonge, alikula mboga tupu.