Kuitikia kwa Kichwa Mbele ya Wakwe

Kazi yangu, kwa miaka yote niliyofundisha na kuandika, imekuwa kutatua milinganyo mingi kwa pamoja: maelfu ya namba zisizojulikana, zilizofungamana, ambazo kompyuta huzikadiria tu. Fani hii ina mtego unaowanasa hata wazoefu. Vipimo vikichukuliwa mahali palipokaribiana mno, milinganyo huwa kana kwamba inarudia neno lile lile. Hapo jibu laweza kuitosheleza yote na bado likawa mbali sana na ukweli. Nimewakemea wanafunzi wengi kwa kuliamini jibu kwa sababu tu limekaa vizuri. Mwezi uliopita nilikaa vizuri namna hiyo mimi mwenyewe, nimevaa suti, uani kwa dada yangu hapa Gisenyi.

Ilikuwa siku ya posa ya mpwa wangu, binti yake. Kwetu familia mbili huketi zikitazamana, kila upande na msemaji wake. Msemaji husifu kupita kiasi, na wa upande wake hawamkanushi. Aliyekulia katika desturi hii anajua kwamba ni mchezo wa heshima. Msemaji wetu alikuwa mjomba wangu. Alipomaliza kuwasifu ng'ombe wa ukoo wetu, alifika kwangu.

"Huyu mnayemwona," alisema, "mlima wa moto haupumui bila kumwomba ruhusa."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Ukweli ulikuwa mdogo: kituo kimoja cha utafiti wa volkano hutumia njia yangu kukokotoa mitetemo inatoka kina gani. Mlimani kwenyewe sijawahi kupanda.

Mama wa bwana harusi alikuwa amevuka mpaka asubuhi kwa miguu, akitokea Goma, na desturi yetu hakuizoea. Soda zilipogawiwa, alisogeza kiti chake karibu nami.

"Dokta, samahani. Sisi tuko tunajenga pale pale moto ilipita. Musingi iko tayari. Tunaweza kuendelea? Sababu ni we njo unajua ile mulima."

Mjomba alikuwa akinitazama. Niliitikia kwa kichwa. Sikutamka neno, na nilijua vema kwamba kichwa kilikuwa kimetamka.

Papo hapo alimpigia mumewe. "Papa, ita wale mafundi. Wameniambia mulima iko kimya."

Nyumba ya watu ingesimama juu ya kichwa changu.

"Mama, usikate simu," nilisema. "Mimi sijui. Mimi hutatua hesabu ninazoletewa na wengine. Mlima siujui, na sikupaswa kukuitikia."

Nilisema kwa sauti ya darasani, kubwa kuliko haja, na ua wote ukasikia. Mjomba aliinama kidogo kuelekea kwangu.

"Mwana wa dada yangu, leo? Mbele ya wakwe?"

Nimewahubiria watu mara nyingi kwamba anayenyamazia sifa ya uongo ameshaitia sahihi. Pale nilikuwa nimeitia sahihi, kisha nikamfedhehesha mzee aliyeisema kwa nia njema.

Yule mama alimgeukia mjomba. "Bon. Muzee, na zile ng'ombe zenu, ziko kweli, ao nazo ni kama mulima ya Dokta?"

Upande wao ulicheka kwanza, kisha wetu, na hatimaye mjomba mwenyewe, hadi akafuta macho. Sherehe ikaendelea. Mimi peke yangu sikuweza kucheka.

Simu ilikuwa bado mkononi mwake. Sauti ya mumewe ilitoka humo kali, ikiuliza ni mjinga gani aliyemwambia waite mafundi. Yule mama alinitazama, si kwa hasira.

"Hakuna mutu, Papa," alisema. "Ni mi nilienda mbio. Uwaambie wangoje."

Nilikuwa nimeketi karibu kiasi cha kuweza kuiomba ile simu na kusema. Niliinua chupa yangu ya soda nikanywa, nikauacha uongo huo wa kunikinga nao upite.