Radi ya Mariat Ithungu

Mariat Ithungu, binti wa Thembo aliyebeba mizigo ya Wazungu mpaka kwenye theluji ya mlima wetu akarudi na vidole vyake vyote, mjukuu wa Yayeri aliyevuka mto na mapacha mgongoni mwaka wa mafuriko. Yeye mwenyewe ndiye mtu wa kwanza wa Bwera kupiga picha ndani ya nyumba. Kabla yake wapiga picha wetu walikuwa watu wa jua. Wingu likija, mteja alirudi nyumbani na nguo zake nzuri.

Mimi nilikuwa wifi yake, dada mdogo wa mume wake. Nilimbebea begi, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona.

Ilikuwa mwaka sabini na nne. Nakato, mke wa askari mmoja aliyezoea kununua ndizi kwetu, alikuja na neno kutoka kambini, upande wa Kasese. Afande Okot anaoa. Anamtaka yule mama wa Bwera mwenye kamera.

"Arusi itakuwa ndani ya ukumbi," Nakato akasema, "na madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Usalama. Mariat, dada yangu, usilete picha nyeusi kama za Sowedi."

Habari za Sowedi tulizijua. Alikuwa mpiga picha mjini Kasese. Aliitwa kwenye dansi ya wakubwa wa jeshi, picha zikatoka giza tupu, na wao wakasema amewadharau. Walivunja kamera yake mbele yake, kisha wakamfungia. Aliporudi hakusikia tena kwa sikio la kushoto.

"Na nikikataa?" Mariat akauliza.

Nakato alitazama ndizi zake. "Afande hajauliza kama unataka."

Basi ilibidi kutafuta flashi. Siku ya soko tukashuka Mpondwe, mpakani, kwa Anselme Katembo, Mkongomani aliyeuza redio, saa na vitu vya kamera. Alikuwa na flashi mbili tu. Ya kwanza ilikuwa kubwa, na mpini kama wa nyundo, kichwa kama sufuria, na sanduku la betri la kuning'iniza begani kwa waya wa kujikunja. Ya pili ilienea kiganjani.

"Mama, kamata hii kubwa," Anselme akasema. "Iko na nguvu! Inaangaza mpaka nyuma ya kanisa. Hii kadogo, mwanga yake haifike mbali. Na ukishapiga, inakawia kujaa tena."

Mariat akavaa ile kubwa, akashika mpini, akaniambia, "Wifi, nenda kule kwa wauza chumvi. Geuka ghafla unitazame. Nimeshika nini?"

Nikaenda, nikageuka.

"Bunduki," nikasema.

Anselme akacheka. "Lakini mama, askari anajua bunduki!"

"Anajua, ndiyo maana hatangoja kuuliza."

Akachukua ile ndogo, akaipachika juu ya kamera, akainua kwa mkono mmoja. Ilikuwa nyepesi kama yai. Kamera ilibaki kuonekana kamera.

"Na mwanga haifike mbali," Anselme akarudia.

"Nitasogea."

"Utasogea kwa afande? Yee, mama! Iko na walinzi!"

Mariat alifunga ile ndogo ndani ya kitambaa cha kichwa. Jioni ile hakula, na mimi nikajua kwamba hakuwa na hakika hata kidogo.

Siku ya arusi tulipanda basi. Liliposimama Kikorongo kuchukua watu, Mariat aliitia flashi betri na kuiwasha, ili akifika asianze kuhangaika mbele za watu. Hapo ndipo taabu ilipoanzia, maana hakuizima.

Kwenye lango la kambi alisimama koplo mmoja mrefu, Ojara.

"Simama! Fungua begi!"

Nikafungua. Akafunua kitambaa.

"Hii nini?"

"Ni radi, afande," Mariat akasema.

Hilo ndilo jina letu. Kwetu Bwera watu walikuwa wameona flashi mara moja moja, za Wakongomani, na kwa kuwa inapiga kama umeme wa mvua wakaiita radi. Lakini Wakongomani hao hao, redio wanaiita radio. Na Ojara alikuwa amelinda mpaka siku nyingi, maneno yao aliyajua.

"Radio?"

"Radi, afande."

"Ndiyo nasema, radio! Wewe mutu ya Bwera unaleta radio ndani ya kambi?"

Miaka ile vijana wetu wengine walikuwa mlimani wakipigana na serikali, na kila Mkonzo, mtu wa kabila letu, alihesabiwa kuwa na kaka huko. Ojara akaitazama flashi na kuona kitaa chekundu kinawaka. Akaisogeza sikioni. Flashi ikijaa hulia sauti nyembamba, kama mbu.

"Inaongea!" akapiga kelele. "Inaongea na nani? Chini! Chuchumaa!"

Tukachuchumaa. Nyuma yangu nilisikia bunduki ikikokiwa, kisha nyingine.

"Afande," Mariat akasema, polepole kama anayemsemesha ng'ombe aliyekata kamba, "ikiwa ni radio, zungumza nayo. Kifungo ni hicho cha nyuma."

Ojara akaileta mdomoni. Hapo Mariat akaona alilolifanya. Mwanga ungempiga machoni, angepofuka na kulia kwa sauti, na wale wenye bunduki wasingeuliza.

"Si usoni!" akasema kwa nguvu.

"Unaniamuru?"

"Nakuomba, baba. Nakuomba. Iweke kiganjani. Funika kioo kwa kiganja, kisha bonyeza."

Jasho lilimtoka Mariat puani, hakulifuta. Ojara akafunika, akabonyeza.

Kiganja chake kikawaka chekundu kama kaa la moto.

"Mama!" akalia, akaitupa.

Ilianguka kwenye vazi la Mariat, gomesi pana iliyokuwa imetandazika kati ya magoti yake. Ile kubwa ingempasua goti na yenyewe ingevunjika. Hii ndogo ilitua tu kwenye nguo. Mtutu wa askari mmoja ulikuwa tayari shingoni mwa Mariat.

Nakato akatokea ndani, mikono ina unga, akaona, akaangua kicheko. "Ojara! Mwanaume mzima anakimbia taa ya picha! Umechomeka, mwanangu? Nikuletee siagi?"

Askari wote wakacheka. Ojara hakucheka. Uso wake ulikuwa umevimba kwa aibu, na mimi niliogopa kicheko kile kuliko bunduki.

Mariat pia hakucheka. "Hata mimi siku ya kwanza niliitupa, afande. Nililia kukushinda."

Hakuwahi kuitupa. Ojara alivuta pumzi, akauondoa mtutu wa mwenzake kwa mkono. "Pita," akasema. "Na usiite tena radio."

Ukumbini kulikuwa giza la jikoni. Kyomuhendo, bibi arusi, alikaa na kitambaa cheupe kichwani. Mariat akasogea, hatua kwa hatua, mpaka walinzi wakaanza kutazamana. Akapiga ya kwanza. Kisha Afande Okot akamshika mkewe mkono.

"Piga!"

Kitaa chekundu kilikuwa bado kimezimika, flashi haijajaa.

"Bado, afande."

Ngoma ilinyamaza. Hakuna aliyewahi kumwambia mtu yule neno bado. Mariat akatembea mpaka mbele yake, akanyoosha mkono, akaiweka sawa kola yake kama mama anayempeleka mtoto shule, akapangusa vumbi begani ambalo sikuliona, akashuka kwenye vifungo. Nilisikia mbu yule akilia juu ya kamera.

"Sasa," akasema, akarudi nyuma.

Alipiga filamu nzima hivyo. Mara kola, mara kitambaa cha bibi arusi, mara kofia.

"Ijumaa nazitaka," Okot akasema tulipoaga. "Zote. Na ziwe na uso wangu."

Kesho yake asubuhi, Bwera, Mariat alichanganya dawa, akapanga mabeseni, akaingia kwenye chumba chake cha kusafishia picha, kisicho na dirisha. Akatoka mara moja, filamu bado imefungwa mkononi. Ilikuwa inagonga pete yake, tik tik tik. Mikono iliyomfunga vifungo afande ilikuwa inatetemeka kama ya mgonjwa wa malaria, na filamu ikikwaruzwa gizani haina dawa.

Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuanika picha.

"Shika, wifi," akasema. "Mikono yangu imekataa. Umenisikia nikifanya mara nyingi nyuma ya mlango, sasa ingia ufanye. Ishike kando kando, usiguse uso wake. Mimi nitakaa hapa nje nikikuhesabia dakika. Funga mlango."