Shujaa wa Manjano

Wiki iliyopita, nikitoka kupeleka barua ya kuomba kazi kwenye mji wa serikali, Mtumba, nilimkodolea macho mhandisi Mchina mpaka akanisalimu: "Mambo?" Nilikuwa naitafuta rangi ya manjano usoni mwake. Haikuwepo.

Nikiwa mtoto, mama alipolazwa hospitalini Kondoa, macho na ngozi vimegeuka manjano, nilibaki na bibi na kitabu cha zamani cha katuni za Kimarekani kilichonuka mafuta ya taa. Shujaa wake alikuwa Mchina, amepakwa manjano kama binzari. Mchana mmoja bibi alikuwa uani akipepeta ulezi.

"Bibi, huyu naye anaumwa kama mama."

Bibi akatua ungo. "Na bado anapigana?"

"Anawapiga wote!"

"Basi lete, nimpelekee mama yako amwone."

Jioni alikibeba pamoja na chupa ya uji. Sasa najua kwamba wachoraji wa enzi hizo waliwapaka Wachina wote rangi hiyo, shujaa kwa adui, bila hata kuwatazama. Mimi nilikuwa nimeona mgonjwa anayeshinda.

Siku ya tatu kitabu kilirudi bila mama, kimefungwa ndani ya khanga yake. Mpaka leo sijui kama alikifungua.