Sita Tatu Ukutani

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha hisabati kijijini Bashay, niliandika namba kubwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa nyuma wa darasa. Ilianza na moja, zikafuata sifuri kumi na tatu, sita tatu, sifuri nyingine kumi na tatu, ikaishia na moja. Uisome kutoka kushoto au kulia, ni ileile. Mkuu wa shule aliiona, akauliza kama rangi ilikuwa ya shule. Nikamwambia ni yangu. Akaenda zake.

Baadaye upepo ukaezua paa la kanisa la jirani, na ibada ikahamia darasani kwangu. Jumapili ya kwanza mchungaji alisimama kwenye ubao, kwa hiyo namba ilikuwa mbele ya macho yake muda wote. Alihubiri kwa kifupi.

Jioni mzee wa kanisa, ambaye pia ndiye aliyenipangisha chumba, akaniita uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Ile namba ya mnyama wa Ufunuo imefuata nini shuleni?"

Nikamweleza kwamba mnyama sikumfikiria. Ile ni namba tasa: haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe.

"Tasa, kama asiyezaa?"

"Ndiyo, mzee. Neno ni hilohilo."

Akafikiri. "Basi toa sita, weka nane tatu. Urefu utabaki uleule."

Nikachukua kijiti, nikaandika ile ya nane kwenye vumbi na kuigawanya kwa saba. Hesabu ilitufikisha hadi banda la mbuzi. Haikubaki kitu.

"Hii imegawanyika," nikasema. "Ile ya sita ingebakiza nne."

Alitaka kuona. Nikafuta, nikaanza upya. Ikabaki nne.

"Sasa ina kazi gani?"

Nilikuwa mgeni, jioni sikuwa na wa kuongea naye, na namba ile ilikuwa inanifurahisha kila nikiingia darasani.

"Haina kazi, mzee. Ni nzuri tu."

"Mke wangu ana kuku wa hivyo. Hatagi, na kumchinja hataki."

Tulikubaliana namba ifunikwe kila Jumapili. Mkewe akatoa kitenge chenye picha za tausi. Mahubiri yakarudia urefu wake, ila waumini sasa walikuwa wanageuka nyuma kuangalia kilichofichwa.

Paa lilipokamilika nilikifua kitenge, nikakirudisha. Wakanikaribisha ugali. Tukiwa tunakula, mzee akauliza kama zipo namba nyingine tasa za kusomeka pande zote mbili, zisizo na sita.

"Zipo nyingi, mzee. Kumi na moja ni mojawapo."

"Hiyo fupi," akasema, akanisogezea mboga.