Bangili ya Nachelai

Ninachotaka kuwaambia hamtakisadiki, na sitajisumbua kuwabembeleza. Watu wa mji wetu huu wa pwani, Korkai, wamezoea kunikatalia. Nilipowaambia kwamba papa alinifukuza chini ya maji nikamtemea tambuu usoni, akageuka, walicheka. Papa huyo yupo mpaka leo, ana doa jekundu. Herufi nazijua nusu, maana mwalimu wangu alikata tamaa katikati, lakini jina langu, Aathan, nalichora kwenye kigae bila kuombwa. Basi kaeni. Habari yenyewe si yangu. Ni ya shemeji yangu Uthiran, mume wa marehemu dada yangu, yule pale barazani anayesugua kipande cha kombe kwa mchanga na kujifanya hasikii.

Mnamwona alivyojikunja, shingo imeingia ndani kama ya kobe. Zamani mtu huyu alikuwa na jina. Wapiga mbizi wakitoa makombe yale meupe ya kupuliza, yeye ndiye aliyechagua kwanza. Alikuwa akiligonga kombe kwa ukucha, analisikiliza, kisha anakaa chini, analibana kwa nyayo, na ule msumeno wake uliopinda kama mwezi mchanga unaanza kupumua. Binti wa mjini hapa hakuolewa bila bangili za Uthiran. Mkono wa bibi harusi aliupaka mafuta ya ufuta, akakikunja kiganja taratibu huku akimwuliza mtoto wa watu habari za mbuzi wao, na kabla binti hajamaliza kujibu bangili imeshapita. Ikishapita hairudi. Mfupa unakua, mkono unajaa, na bangili ya ndoa haitoki tena ila kwa jiwe, siku mume anapokufa.

Dada yangu alimwachia mtoto mmoja tu, Nachelai. Alipoolewa na Kuviran, kijana wa watu wa magari ya ng'ombe yanayobeba chumvi, baba yake alimchongea bangili moja pana kupita zote, ameikata begani mwa kombe, pale palipo panene. Nikamwuliza, shemeji, hii bangili au ngao? Akasema mtoto anakwenda kwa mama mkwe mkali, acha awe na ngao. Tulicheka sana siku hiyo.

Kuviran alikuwa kijana wa watu, siwezi kumsema vibaya ingawa ningependa, maana aliwahi kunishinda kunywa tembo. Alipakia chumvi, akafunga kengele shingoni mwa ng'ombe, akaenda bara na wenzake kama walivyokwenda kila mwaka. Hakurudi. Alirudi mwenzake mmoja, miguu imepasuka, akasema wanyang'anyi waliwashukia katika ile nchi kavu isiyo na kivuli. Alimwona Kuviran akipigwa mshale, akaanguka, naye akakimbia. Amekufa? Akasema ameanguka. Maiti hakuiona.

Wanawake wakampeleka Nachelai bwawani kama desturi ilivyo. Bangili ndogo zilivunjika kama maganda ya mayai. Ile pana ikakataa. Wakapiga, jiwe likaruka. Wakabadilisha jiwe, wakabadilisha na mpigaji, mpaka mkono wa mtoto ukavimba na bangili ikazama ndani ya uvimbe, nzima, haina hata ufa. Ndipo bibi kizee mmoja akatupa jiwe majini akasema yeye hapigi tena. Bangili ya mwanamke mwenye mume haivunjwi, na huenda huyu ana mume mahali.

Neno hilo lilienea mjini kabla hawajatoka majini. Nachelai alilishika kwa mikono miwili. Na mnajua mjane anakuwaje kwetu: kichwa kinanyolewa, wali hauli tena, anakula mbegu za yungiyungi, na usiku analala juu ya changarawe bila mkeka. Katika nyumba ya yule mama mkwe, hata changarawe zingechaguliwa zenye ncha.

Wazee wa pande zote mbili wakakaa. Wengine walisema ni ishara. Wengine wakasema ishara gani, hiyo ni kazi ya Uthiran tu, nani asiyejua anavyochonga? Basi akaitwa. Mama yake Kuviran, mwenye ulimi wa ukwaju, ndiye aliyemwuliza. Msimcheke, yeye alikuwa amepoteza mwana, naye hakutaka kudanganywa na kombe.

"Fundi, tuambie wewe mwenyewe. Bangili zako zote ni ngumu namna hii?"

Nilimtazama shemeji yangu. Swali hilo, fundi yeyote angelipokea kama sahani ya pilau. Aseme ndiyo, sifa yake ivuke bahari, na binti yake akanyolewe jioni ileile. Uthiran aliutazama ule mkono uliovimba.

"Mama," akasema, "kazi yangu ni dhaifu. Watu wananisifu kwa huruma. Bangili yangu ikianguka jikoni inapasuka."

Mimi nilipaliwa na mate. Wazee wakanong'onezana. Mama yule akasema vizuri, lete kapu lako tuone.

Akaomba ruhusa akalichukue. Nilimfuata nyumbani, si kwa ujanja, nilijua ana tembo. Nikamkuta amekaa na bangili zake bora, zile za harusi, anazitia mkato kwa ndani moja baada ya nyingine, kisha anaziba mkato kwa nta na chokaa. Chokaa yangu, hii hii ninayochoma mimi, ya kulia tambuu, hakuna laini kama hiyo kutoka hapa mpaka kwa wafalme. Hakugeuka. Alisema, "Shemeji, chokaa yako ina kokoto." Ni hayo tu. Nikashika nta nikamsaidia.

Mbele ya wazee alizidondosha bangili chini, moja moja, toka urefu wa kiuno. Zote zilipasuka. Sauti ya bangili kupasuka ni ndogo sana, kama mtu anayevunja kijiti. Wanawake waliokuwa wamesimama pale wakaanza kuficha mikono yao chini ya nguo, na mmoja, aliyekuwa na mimba, akaondoka analia. Mama yake Kuviran akasema basi, mwanangu yu hai, mpeni mkwe wangu mkeka. Naapa uso wake ulichanua kama wa msichana. Hilo Uthiran hakuwa amelifikiria. Alikwenda kumdanganya adui, akamkuta mama.

Tangu hapo hakuna bibi harusi aliyempa mkono. Kwetu bangili inayopasuka kabla ya siku yake ni bundi juu ya paa; na fundi wa bangili za namna hiyo, utamwalika harusini umpe nini? Wapiga mbizi wakawa wanamletea makombe yaliyotobolewa na wadudu. Alichonga pete za pembe za ng'ombe. Mabaki aliniletea mimi nichome chokaa, na nilipomtania kwamba sasa yeye ni mtumishi wangu, alicheka vizuri, kama mtu anayelipa ushuru.

Nachelai alikula wali, alipaka nywele mafuta. Kila magari ya chumvi yaliporudi, alizisikia kengele kutoka mbali, akatia maua kichwani, akaenda kusimama chini ya miti ya mivumo ya mwisho wa mji, mama mkwe wake nyuma yake. Magari yakapita. Wenye magari wakasema Kuviran wamemwacha nyuma, anakuja, au hawajamwona, au wakaangalia ng'ombe. Miaka ikaenda hivyo. Yule mama akafa akiwa na matumaini, na Nachelai akaendelea kwenda peke yake.

Kisha mwaka mmoja hakusikia kengele. Alikuwa anachota maji akashangaa kuona magari yamekwisha kuingia sokoni. Akamkaribia ng'ombe, akainua kengele yake, akakuta imejazwa nyasi. Ya pili nayo. Zote. Wale wanaume walikuwa wakisimama kabla ya mji na kuziziba, ili wasimwone amesimama pale na maua.

Alikuja moja kwa moja kwa baba yake. Mimi nilikuwepo, nimeleta kapu. Akapiga magoti, akaulaza mkono kwenye gogo la kukatia.

"Baba, siku ile bangili ilikataa nini? Ilikataa kifo, au ilikataa jiwe?"

Uthiran alichukua muda kufuta vumbi mikononi.

"Jiwe, mama yangu."

"Ulijua?"

"Niliichonga mimi."

Hakumlaumu. Ningekuwa mimi ningepindua gogo. Alisema tu, "Ng'ombe wanaingia mjini kama wezi, Baba, kwa ajili yangu. Watu wamechoka, na mimi nimechoka. Kata."

Basi sikilizeni sasa, hapa ndipo nilipowaambia hamtasadiki. Mkono niliushika mimi, kwa nguvu za mafahali wawili. Shemeji akapitisha msumeno, ukateleza. Akapitisha tena, meno yakang'oka, tukaleta mwingine, nao ukaisha. Jua lilitukuta tunakata, jua likatuacha tunakata, vumbi limejaa nyumba mpaka hatuonani, mji mzima umesimama mlangoni, na bangili, naapa kwa maiti yangu, bangili ikaanza kulia, ikalia kama mtoto aliye—

"Shemeji," amesema Uthiran pale barazani. Hajainua hata kichwa. "Haikulia. Wala hakukuwa na mtu mlangoni. Na haikukawia kukatika; nilijua pa kupitisha msumeno. Alikuwa ameacha chungu cha wali motoni, akarudi akaukuta bado una maji. Wali ule yeye hakuugusa tena; tuliula mimi na wewe."