Baba na Binti Darasa Moja

Baba mtu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Shule aliiacha akiwa kijana, wazazi wake walipofariki, lakini hesabu hazikumwacha yeye. Binti yake akiwa mdogo, walikaa wote sakafuni karakanani wakiandika milinganyo kwa chaki juu ya mabati, na aliyekosea ndiye aliyechemsha chai. Mama mtu akiwasikia wanabishana husema, "Haya, wendawazimu wangu wameanza."

Ukubwani baba akafanya mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akafeli. Akarudia, akapita, na mwaka huohuo binti naye akapita. Wakaomba chuo pamoja, fizikia na hisabati, wakakubaliwa wote wawili. Baba alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alinunua mkoba mpya, akanyoa ndevu.

Darasani alikaa mstari wa mbele, na mhadhiri akiuliza swali, mkono wake ndio wa kwanza juu. Siku moja alisimama kueleza kwa nini spana ya mkono mrefu hulegeza nati iliyogoma, akaonyesha kwa mikono yake yenye makovu ya cheche. Darasa likaangua kicheko. Pengine hawakuwa na ubaya, lakini jina lilishabandikwa: Mzee Spana. Binti alikuwa amekaa nyuma kabisa, masikio yanamwaka moto.

Kipindi kilipoisha, msichana mmoja wa darasa lao akamuuliza mlangoni, "Yule Mzee Spana unakuja naye kila siku. Ni nani wako?"

"Jirani tu," akajibu.

Ulimi hauna mfupa. Alipogeuka, baba yake alikuwa hatua mbili nyuma yake, ameshika kikokotoo ambacho binti alikisahau kwenye dawati.

"Shika, dada, umesahau hiki," baba akasema, kwa adabu ya mtu asiyemjua, kisha akatangulia kuelekea getini.

Jumatatu iliyofuata baba hakuvaa viatu vya kwenda chuo. "Nenda tu, mama. Macho yananisumbua, ubao siuoni vizuri."

Binti alijua fika kwamba macho hayo huona ufa mwembamba kama unywele kwenye chuma. Alijua, na bado akaenda. Tena njiani alihisi kama ametua mzigo, na nafuu hiyo ndiyo iliyokuja kumla miaka yote.

Wiki tatu baadaye mhadhiri wa hisabati, mama mkali asiyesifu mtu, akamwita ofisini. "Yule mzee unayekuja naye yuko wapi? Karatasi yake ya jaribio la mwezi uliopita ndiyo bora darasa zima. Mpelekee."

Jioni hiyo binti aliipeleka nyumbani. Baba aliisoma amesimama. "Hapa nilisahau alama ya kutoa," akasema, akaikunja.

Binti akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Nilikukana."

"Nilikusamehe palepale mlangoni."

"Basi kesho twende."

Baba akatikisa kichwa. "Kusamehe ni kitu kimoja, mwanangu. Kurudi ni kingine. Nikikaa pale nitakuwa nakutazama wewe kama unaona aibu, si ubao."

Hakuwahi kumnunia. Alimtania kama zamani, akamsindikiza asubuhi hadi barabarani. Ila hakuuliza tena, "Leo mmesoma nini?" Binti alikuwa akiacha daftari wazi mezani makusudi, baba akilisogeza taratibu na kuweka sahani yake.

Muhula wa mwisho kabla binti hajahitimu, maradhi ya kifua yalimzidi baba, akafariki hospitalini.

Msibani, fundi aliyefanya naye kazi miaka mingi alimsogelea binti. "Pole sana. Tulikuwa tukimuuliza mbona haendi chuo, anatuambia yuko likizo ya ugonjwa, lakini binti yake anamwekea nafasi darasani."

Binti alifumbua mdomo kumweleza ukweli. Akasema tu, "Asante." Fundi akamshika bega, akangoja kidogo, kisha akaitwa kwenda kusaidia kubeba viti.