Mstari wa Mwisho wa Karatasi ya Mishahara

Kuna uvumi umenishika tangu juzi, hauniachi.

Picha ya karatasi ya mishahara inatembea ku simu. Wanasema mkubwa wa shule moja ya Kisenge analipwa na serikali mara kumi na mbili ya walimu wake. Jina lake liko pale chini kabisa, na pembeni namba ndefu.

Chini ya picha watu wanaandika: «Huyu si wa hapa. Arudi kwao.»

Karatasi ya namna ile niliisha kuiona, miaka thelathini imepita.

Na niliisoma vibaya.

Mwaka wa 1993 tulikuwa tunaishi Musonoi, mu kambi ya Kampuni. Bwana yangu, Kabemba, alikuwa anachimba mu lile shimo kubwa la shaba. Kazi ilikuwa imekufa nusu. Mshahara wa mwezi mzima, ukifika nao sokoni, unakupa bunga ya ugali ya siku nne. Kule juu, mu villa za wakubwa, taa zilikuwa zinawaka na mbwa wao walikuwa wanakula nyama.

Kila siku ku robine, bomba la maji la kambi, tukipanga ndoo, mabishano ni yale yale: nani anakula jasho letu?

Jirani yetu alikuwa Tata Ntambwe, karani wa mishahara. Wazazi wake walitoka Kasai, mkoa mwingine, Kampuni iliwaleta kwa kazi. Yeye mwenyewe alizaliwa pale pale Musonoi. Ukuta mmoja tu ulikuwa kati yetu.

Mke wake, Mama Ntumba, njo alimpokea Abigaëlle wangu. Dispensaire, zahanati ya kambi, ilikuwa imefungwa, mi niko chini kwenye sakafu, na mikono ya kwanza kumshika mtoto wangu ilikuwa yake.

Ile muiweke kichwani.

Siku ya mshahara Kabemba alikuwa na homa. Nikaenda mi, na karte yake ya kazi. Tata Ntambwe akageuka kutafuta enveloppe ya pesa ndani ya kasha. Karatasi ikabaki mbele yangu, wazi.

Mi nilisoma mpaka la tano kwa masista. Mu mstari wetu wa nyumba, mwanamke wa kujua kusoma nilikuwa peke yangu. Wenzangu walikuwa wananiletea barua za watoto wao niwasomee. Nilijisikia sana.

Macho yakashuka chini kabisa. «Ntambwe», na sahihi yake. Pembeni, namba yenye zero mpaka nikapotea kuzihesabu.

Za Kabemba zilikuwa chache tu.

Ningeuliza. Mtu alikuwa mbele yangu! Lakini nilichukua enveloppe, nikasema «aksanti, tata», nikaenda zangu nikizihesabu tena zile zero.

Siku ya tatu, ku robine, Louis akanianza. Huyo alikuwa mwanaume wa maneno mengi, Kampuni ilimtoa kazini, na sasa alikuwa anazunguka na wale wa kulalamika kwamba watu wa Kasai waondoke.

— Mama Abi, weye unajua kusoma. Ule Ntambwe wenu, banamulipaka ngapi?

Mama Bilonda, mwenzetu wa ku robine, akacheka:

— Mumuache, anaogopa jirani yake. Si banakulaka sombe pamoja?

Ile ikaniuma. Nikasema:

— Siogope mutu. Niliona na macho yangu. Ya bwana yangu, uiweke mara mia, haifike yake!

Wote wakaacha ndoo, wakanisogelea.

— Na bale bakubwa ba kule ku villa? Mama Mianda, jirani mwingine, akauliza. Si bale njo banakula zaidi?

— Bale hatubaone, Louis akamjibu. Huyu, tunajua mulango yake.

Kabla jua halijashuka, Mama Ntumba alikuwa mbele ya nyumba yangu. Nikampa kiti, hakukaa.

— Mama Abi, banasema weye njo ulisema.

— Mi nilisoma tu.

— Haya. Kuya kwangu, fungua sufuria. Ni majani ya sombe bila mafuta, leo juma ya tatu. Mutu wa kulipwa mara mia anakulaka vile?

Kwake ilikuwa hatua sita. Sikuenda.

Nitawaambia kwa nini: niliogopa kukuta anasema kweli.

Kesho yake, katikati ya mchana, wakafika. Louis mbele, wengine nyuma na fimbo, wanaimba «bilulu, bilulu», kama vile jirani zetu walikuwa wadudu. Wakawapa saa moja. Kitanda kikabaki. Mashini ya kushona ikabaki. Mama Ntumba akapita mbele yangu na mafurushi mawili ya nguo. Hakunitazama mi. Alimtazama Abigaëlle, mgongoni mwangu.

Tata Ntambwe akasimama mbele ya Kabemba, akatoa ile karatasi ya mishahara ndani ya shati.

— Tata Kabemba, peleka hii ku biro ya Kampuni. Bila hii, mwezi wenye kukuya hakuna mutu atalipwa.

Wanamfukuza, na yeye bado anafikiria mishahara yetu.

Nikaisoma pale pale mlangoni, safari hii nikaanzia juu.

Majina mia mbili na kumi na nne. Kabemba. Mukalay. Nkulu. Ntambwe alikuwa mule katikati, na namba yake ilikuwa ndogo kuliko ya Kabemba, sababu wachimbaji walikuwa na nyongeza ya hatari.

Na ule mstari wa mwisho? Jumla yetu sisi wote. Alitia sahihi pale kwa kuwa yeye njo mwenye kugawa.

Nikakimbia kumtafuta Louis. Nikamkuta ndani ya nyumba ya Ntambwe, amekaa ku kiti ya Ntambwe.

— Louis, nilikosa! Ile ni ya bantu bote! Mubarudishe!

Akacheka.

— Mama, weye ulisoma muzuri. Angalia: mi niko na nyumba.

Siku tatu nilizunguka ku gare, kati ya maelfu ya watu waliolala juu ya mizigo wakingoja treni ya Kasai. Niliita jina la Mama Ntumba mpaka sauti ikakauka. Sikumuona tena mpaka leo.

Kabemba alipeleka ile karatasi. Biro ilikuwa wazi, mtu hakuna. Mkubwa wa Kampuni alikuwa amepanda ndege na mbwa wake. Kabemba akaokota karatasi za sakafuni, akazileta tuwashie mbabula, jiko letu la makaa.

Moja ilikuwa ya mshahara wa yule mkubwa. Niliisoma mara tatu, kutoka juu mpaka chini. Jina moja. Mwezi mmoja. Namba yake ilipita jumla ya watu mia mbili na kumi na nne.

Uvumi kwamba mtu anakula jasho letu ulikuwa wa kweli. Tulikosea mlango.

Sasa mniulize kwa nini naandika leo.

Yule mkubwa wa shule ya Kisenge ni Abigaëlle wangu. Anapokea mishahara ya walimu kumi na wawili, anawagawia, anatia sahihi chini. Alifika kule kwa kazi, na wanamhesabu mgeni.

Jana nilimpigia.

— Mama, kuna bantu ku mulango.

— Bakaribishe, mwanangu. Ubafungulie sufuria, baone.

— Nilibakaribisha, mama. Habataki kuingia.

Ninyi mnaonisoma, muepuke haya:

Kusoma mstari wa mwisho bila ile ya juu.

Kusema «niliona na macho yangu» wakati uliona mara moja, na hukuuliza.

Kuuliza mtu ni wa wapi, wakati swali lilikuwa analipwa ngapi.

Kumgeukia anayekuletea mshahara, kwa kuwa anayeukata yuko mbali.

Kutuma ile picha. Kama iko ndani ya simu yako, uifute sasa, usingoje kesho.

Na kukataa kuingia, mtu akikuita uone sufuria yake.